Kwa nini samurai wa filamu bora ana njaa

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Mimi nimekulia kwenye mikanda ya ninja, nikijua samurai ni stelingi tu: anachomoa upanga, maadui wanalala. Juzi nimeangalia Seven Samurai, kesho yake Harakiri ya mwaka 1962, zote nyeusi na nyeupe, na nimechanganyikiwa. Samurai wana njaa, wakubwa wao ni waongo, na mwisho hata aliyeshinda hana raha. Hivi Wajapani wanawachukia samurai wao? Na baada ya hizo mbili niangalie nini?

Marahaba. Umeanza na filamu mbili nzito kuliko karibu zote, usishangae kichwa kikigonga. Wajapani hawawachukii samurai. Wengi wanawapenda mno, na nitafika huko. Ila watu waliotengeneza hizo ulizoziona walikuwa na ugomvi na amri ya mkubwa isiyoruhusiwa kuulizwa. Na wengi wao ugomvi huo waliupata kambini, wakiwa vijana, ndani ya jeshi la kifalme la Japani.

Mchukue Masaki Kobayashi, mwongozaji wa Harakiri. Alizaliwa mwaka 1916 mjini Otaru, kisiwani Hokkaido, akasomea sanaa za Asia ya Mashariki katika Chuo Kikuu cha Waseda. Mwaka 1941 kampuni ya Shochiku ilimwajiri kuwa mwongozaji msaidizi, na kabla hajaizoea kazi, Januari 1942, akachukuliwa jeshini. Walimpeleka Manchuria, baadaye kisiwa cha Miyako kule kusini. Kwa elimu yake angepandishwa cheo bila shida. Alikataa, akabaki askari wa chini hadi vita vinaisha. Baada ya hapo alikaa Okinawa akiwa mfungwa wa Wamarekani, akarudi kwao 1946. Kabla ya kugusa samurai alitumia miaka ya 1959 hadi 1961 kutengeneza Ningen no Joken, filamu ya sehemu tatu inayozidi saa tisa, kuhusu Mjapani anayejaribu kubaki na utu wake ndani ya jeshi hilo hilo.

Sasa irudie Harakiri ukiwa na habari hiyo kichwani. Mwaka ni 1630. Vita vya koo vimeisha, akina Tokugawa wameshika nchi, na koo zilizovunjwa zimeacha maelfu ya ronin, yaani samurai wasio na bwana. Asiye na bwana hana mshahara, na mshahara wa samurai ulihesabiwa kwa mchele. Tsugumo Hanshiro, anayechezwa na Tatsuya Nakadai, anabisha hodi kwenye jumba la ukoo wa Ii mjini Edo, ndiyo Tokyo ya leo, akiomba ruhusa ya kujipasua tumbo uani kwao. Msimamizi wa jumba anamsimulia yaliyomkuta kijana mwingine, Chijiiwa Motome, aliyekuja na ombi kama hilo. Walijua wapo wanaofanya hivyo wakitegemea kupewa vijisenti waondoke, basi wakaamua huyu awe fundisho kwa wengine. Walikuwa wamekagua panga zake wakakuta ndani ya ala mna mwanzi. Vyuma alishaviuza ili mke na mtoto mgonjwa wapate riziki. Wakamwambia ajipasue kwa mwanzi huo huo.

Hapo wengi hufumba macho. Mara ya pili usifumbe, tazama nyuso za watu wa ukoo waliokaa safu, migongo imenyooka kabisa, huku yule aliyepangiwa kumkata kichwa ili kumpunguzia mateso akigoma mpaka kijana amalize kwa utaratibu. Kila mmoja pale anafuata kanuni, na hakuna hata mmoja anayejiona katili. Kisha angalia ile deraya tupu, vazi la vita la mababu wa ukoo, linaloonekana filamu inapoanza kana kwamba ni mungu wa nyumba. Mwishoni Hanshiro, akiwa amezingirwa, anainyanyua na kuibwaga chini. Wanammaliza kwa gobore. Watumishi wanasafisha, deraya inarudishwa mahali pake, na daftari la jumba linaandikwa kwamba watu wa ukoo waliouawa walikufa kwa maradhi. Mjapani wa miaka 40 aliyekaa ukumbini mwaka 1962 alilijua daftari la aina hiyo. Alishasikia redioni makao makuu ya jeshi yakitangaza ushindi wakati meli za nchi yake zinazama.

Aliyeandika filamu hiyo ni Shinobu Hashimoto, na kwangu habari yake inapendeza kuliko ya mwongozaji. Alizaliwa 1918, akaingia jeshini 1938, na kifua kikuu kikamtoa kabla hajapelekwa vitani. Alilazwa miaka minne katika hospitali ya askari wenye kifua kikuu mkoani Okayama. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akamwazima jarida la sinema lililochapisha muswada wa filamu. Hashimoto akausoma, akasema kama ndiyo hivi hata mimi naweza, akauliza nani bingwa wa kazi hii Japani. Akatajiwa Mansaku Itami. Akaandika wa kwake, akautuma kwa Itami, na mkubwa yule akamjibu na kuwa mwalimu wake. Itami alifariki 1946. Miaka minne baadaye muswada wa kwanza wa Hashimoto kufika kwenye pazia ukawa Rashomon, alioukamilisha pamoja na Akira Kurosawa, mwongozaji wa Seven Samurai, na mwaka 1951 filamu hiyo ikachukua tuzo kuu ya tamasha la Venice. Ndiyo iliyowafanya watu wa Ulaya na Marekani waanze kuzitazama filamu za Japani. Hashimoto aliishi hadi 2018, akafa na miaka 100.

Seven Samurai ilizaliwa kutokana na swali la chakula. Kurosawa na Hashimoto walitaka kwanza kufanya filamu ya siku moja tu katika maisha ya samurai wa kawaida: anaamka, anaenda kazini kwenye ngome, anakosea jambo, jioni anajipasua tumbo. Hashimoto akaenda kuchimba habari maktaba, akakwama mahali ambapo mtu hangetegemea: hakupata uhakika kama samurai wa kipindi hicho alikula chakula cha mchana, na kama alikula, alikibeba au alipewa kazini. Mradi ukafa hapo. Wengine wangebuni tu wakaendelea, lakini hawa hawakuwa watu wa namna hiyo. Katika kupekua zaidi wakakuta kwamba zamani ronin aliyesafiri bila hela aliweza kupewa chakula na malazi na wanakijiji, naye akalinda kijiji usiku dhidi ya wezi. Wakaona filamu nzima imeshakaa hapo. Wakajifungia kwenye nyumba ya wageni mjini Atami pamoja na mwandishi mwenzao Hideo Oguni. Wawili waliandika, Oguni alisoma na kusema hili halifai, rudieni.

Ndiyo maana ukiitazama vizuri Seven Samurai imejaa bakuli za wali. Wakulima hawana pesa, wanawapa samurai mchele wao wote, na wao wanakula uwele. Kiongozi, Kambei, anapoambiwa hivyo analiinua bakuli na kusema hataupoteza wali ule bure. Nafikiri ni tukio kubwa kuliko mapigano yote yanayofuata. Kisha kuna Kikuchiyo wa Toshiro Mifune, yule mlevi mwenye upanga mrefu kuliko mkono wake. Anawatolea wenzake karatasi ya ukoo kuthibitisha kuwa yeye ni samurai, wanasoma tarehe ya kuzaliwa, wanacheka: kwa karatasi hiyo ana miaka 13. Baadaye wakulima wanapogundulika wameficha deraya walizowavua samurai walioshindwa, ni yeye anayesimama na kuporomosha ukweli. Ndiyo, anasema, wakulima ni wajanja, waongo, wabahili. Ila nani aliwafanya hivyo? Ni nyinyi samurai, mliochoma vijiji vyao, mkala chakula chao na kuwachukua wanawake wao. Kambei anatokwa machozi.

Jambo jingine ambalo wengi huliona mara ya tatu au ya nne. Kati ya samurai saba, wanne wanakufa. Hakuna hata mmoja anayeuawa kwa upanga. Wote wanne wanauawa kwa gobore, akiwemo Kyuzo, fundi wa upanga kuliko wote. Ufundi wa miaka yote ile, na majambazi wana gobore tatu tu.

Mifune mwenyewe, kwa taarifa yako, alizaliwa 1920 Qingdao, China, kwa wazazi Wajapani, baba yake akiwa mpiga picha. Jeshini aliwekwa kitengo cha picha za angani. Vita vilipoisha alikwenda studio za Toho mwaka 1946 kutafuta kazi ya msaidizi wa kamera, akajikuta kwenye usaili wa waigizaji wapya. Kati ya 1948 na 1965 alicheza filamu 16 za Kurosawa.

Unaweza kuuliza kwa nini hasira hii ilichelewa mpaka miaka ya 1950. Wakati wa vita serikali ilizitaka filamu za samurai, kwa sababu utii wa samurai kwa bwana wake ulifaa kumfundisha kijana afe kwa ajili ya Mfalme. Hata mwongozaji Kenji Mizoguchi alipewa kazi ya kutengeneza kisa cha ronin 47 waliovamia jumba la adui kulipiza kisasi cha bwana wao, katika sehemu mbili, 1941 na 1942. Alitii kwa namna yake: filamu ya karibu saa nne kuhusu kisasi maarufu kuliko vyote Japani, na uvamizi wenyewe hauonyeshwi kabisa. Wamarekani waliposhika nchi, Novemba 1945 walitoa orodha ya mada 13 zilizopigwa marufuku, zikiwemo kisasi, utii wa kikabaila na kujiua kwa heshima, na filamu 236 za miaka ya nyuma zikaondolewa. Filamu fupi ya Kurosawa kuhusu mlinzi mwaminifu aliyemvusha bwana wake kizuizini ilitengenezwa 1945 ikaonyeshwa 1952, ukaliaji ulipokwisha. Mastaa wa upanga walilazimika kutafuta kazi nyingine. Chiezo Kataoka akashika bastola na kuwa mpelelezi wa kujibadili sura, na watu wakajaa kumtazama.

Lakini usije ukadhani ni vita pekee vilivyozaa samurai mwenye njaa. Alikuwepo kabla, na aliyemchora vizuri kuliko wote ni Sadao Yamanaka wa Kyoto, aliyezaliwa 1909. Alitengeneza filamu zaidi ya 20, zimebaki tatu. Ya mwisho, Ninjo Kami Fusen ya 1937, inafanyika kwenye nyumba za kupanga za maskini wa Edo. Inaanza na ronin mzee aliyejinyonga, majirani wakiulizana kwa nini hakufa kisamurai, na jibu ni kwamba upanga alishauuza. Mwanzi ule wa Harakiri, miaka 25 kabla. Ronin mwingine, jirani yake, kila siku anamvizia ofisa mmoja njiani ampe barua ya marehemu baba yake apate kazi, na kila siku ofisa ana haraka. Nani kati yetu hajawahi kumsubiri mkubwa wa namna hiyo nje ya geti? Mke wake anatengeneza maputo ya karatasi ili wale. Karatasi ya kuitwa jeshini ilimfikia Yamanaka siku filamu hiyo ilipoanza kuonyeshwa, Agosti 1937. Alikufa China Septemba 1938 kwa ugonjwa wa kuhara damu, akiwa na miaka 28.

Waliomfuata wengi walikuwa na kovu la aina fulani. Kihachi Okamoto, wa Sword of Doom ya 1966, alinusurika bomu lililoua wenzake wengi kambini. Ndiyo sababu vifo kwenye filamu zake vinakuja ghafla na kijinga, wakati mwingine vinachekesha. Kenji Misumi, aliyeongoza filamu ya kwanza ya Zatoichi, yule kipofu hodari wa upanga, mwaka 1962, alikuwa mfungwa wa Warusi Siberia. Hideo Gosha alikuwa kijana wa mafunzo ya urubani wa jeshi la majini, akaja kwenye sinema kupitia televisheni.

Nisikufanye uone kama wote walikuwa wanafalsafa. Hii ilikuwa kazi ya mikono pia, na ina mafundi wake ambao majina yao hatuyasomi. Kabla ya Yojimbo ya 1961, upanga ulipopita kwenye mwili wa mtu katika filamu za Japani hukusikia kitu cha maana. Kurosawa alitaka sauti ya chuma kinachoingia nyamani. Fundi wa sauti Ichiro Minawa akajaribu nyama ya ng'ombe, akajaribu nguruwe, zote zikatoa sauti dhaifu. Iliyokubalika ilikuwa ya kuku mzima aliyejazwa vijiti vya kulia chakula, akakatwa kwa upanga. Mwaka uliofuata, kwenye Sanjuro, Mifune na Nakadai wanasimama uso kwa uso kimya kwa muda mrefu mpaka mtazamaji anahema, kisha pigo moja, na damu inaruka kama bomba la mtaani limepasuka. Damu hiyo ilisukumwa kwa mgandamizo kupitia mpira uliofichwa ndani ya nguo za Nakadai, na baadaye alisimulia kwamba nguvu yake ilikaribia kumwangusha. Nakadai huyo huyo aliwahi kupita kwenye Seven Samurai kwa sekunde chache, mpita njia tu mwenye upanga, na Kurosawa alimrudisha kutembea upya saa baada ya saa kwa sababu hakutembea kama samurai. Kwenye Harakiri alisema walipigana na mwigizaji mwenzake Tetsuro Tanba kwa panga za kweli. Utaona kwenye uwanda ule wenye upepo kwamba hakuna anayeharakisha.

Sasa upande wa pili, maana uliuliza kuhusu Wajapani kwa jumla. Ulizoziona ni chache kati ya nyingi. Mwaka 1958 Japani iliuza tiketi za sinema zaidi ya bilioni 1.1, nchi ikiwa na watu kama milioni 92, na sehemu kubwa ya watu hao walikuwa wanaenda kuangalia filamu za rangi za kampuni ya Toei kutoka Kyoto: nguo zinang'aa, shujaa hachafuki, waovu hamsini wanaanguka bila tone la damu, familia inarudi nyumbani na furaha. Kampuni zilihitaji filamu mpya kila wiki, na katika mahitaji hayo wakaidi kama Kobayashi walipenya. Televisheni ilipowachukua watazamaji mambo yalibadilika haraka. Daiei, nyumba ya Rashomon na Zatoichi, ilifilisika 1971. Panga zikahamia sebuleni. Tamthilia ya Mito Komon ilianza 1969 ikaendelea hadi 2011: mzee wa ukoo wa Tokugawa anazunguka nchi akijifanya mfanyabiashara, na kila kipindi kikikaribia mwisho msaidizi wake anatoa kijikasha chenye nembo ya ukoo, waovu wote wanapiga magoti. Ni Harakiri iliyogeuzwa ndani nje. Pale nembo ya mkubwa inaua, hapa nembo ya mkubwa inaokoa. Ukitaka kujua samurai ambaye Mjapani wa kawaida amemlalia kwenye kochi na chai mkononi, ndiye huyo mzee, na mimi sina neno naye isipokuwa kwamba vipindi viwili vinatosha.

Uangalie nini basi? Wiki hii tafuta Joi-uchi ya 1967, Kobayashi na Hashimoto tena, safari hii na Mifune. Bwana wa ngome anamwondoa mwanamke wake, Ichi, na kuamuru aolewe na kijana wa familia ya Mifune. Wanampokea kwa shingo upande, ndoa inageuka ya mapenzi ya kweli, mtoto anazaliwa. Mrithi wa bwana anafariki, mtoto wa Ichi aliyebaki ngomeni anakuwa mrithi, na amri inakuja: mrudisheni. Mifune anacheza baba mkwe aliyetawaliwa na mkewe miaka 20 bila kunung'unika, na utamwona akiamka kidogo kidogo. Kwa wanaodhani filamu hizi ni za wanaume tu, Ichi ndiye mwenye uti wa mgongo kuliko wote mle.

Baada ya hiyo mpe Yamanaka usiku mmoja wa peke yake. Picha imechakaa na dakika ishirini za kwanza watu ni wengi, vumilia. Halafu pumzika na Yojimbo, ambayo inachekesha, na ambayo Mwitaliano Sergio Leone aliigeuza ya kauboi mwaka 1964 bila kuomba ruhusa, mpaka Toho wakamdai na kupata asilimia 15 ya mapato.

Ya rangi kwa ajili yako ni Tasogare Seibei ya 2002, ya Yoji Yamada. Samurai wake ni karani wa ghala la chakula, mjane mwenye mabinti wawili na mama aliyepoteza kumbukumbu, nguo zimechanika, jioni anatengeneza vizimba vya wadudu auze. Wenzake wakimwalika kunywa anakataa, hela hana. Hiroyuki Sanada anamcheza kwa upole ambao hukuuona kwenye mikanda yako ya ninja. Na ukitaka kujua kazi hii imefikia wapi sasa, tafuta Samurai Taimusurippa ya Junichi Yasuda, mkulima wa mpunga aliyeitengeneza kwa bajeti ndogo katika studio za Toei Kyoto. Ilifunguliwa Tokyo Agosti 2024 kwenye ukumbi mmoja, ikaenea nchi nzima, na Machi 2025 ikachukua tuzo ya filamu bora ya Akademia ya Japani. Inahusu samurai wa kweli anayejikuta zama zetu akiajiriwa kufa mbele ya kamera.

Zote hizo zitazame na sauti ya Kijapani na maandishi chini, usichukue zilizoingizwa sauti za Kiingereza. Kwenye Harakiri hasa, utapoteza Nakadai anavyoshusha sauti kila anapoongeza hasira. Na ile ya Harakiri iliyorudiwa 2011 iache mpaka uimalize ya zamani mara mbili.